Kijito cha Braamfontein: madobi, maji yaliyozikwa na maana ya asili

Miji mikongwe tuliyoizoea sisi watu wa mwambao imekaa juu ya maji. Kilwa, Mombasa, Unguja, Maskati: ukiuliza kwa nini mji uko pale ulipo, jawabu utalipata bandarini. Johannesburg haina jawabu la namna hiyo. Mji huo ulianzishwa mwaka 1886 juu ya mwinuko wa Witwatersrand kwa sababu ya dhahabu tu, mahali pasipo bahari, wala ziwa, wala mto wa kupitisha hata ngalawa, na mpaka leo maji yake ya kunywa yanatoka mbali, katika mto Vaal na katika milima ya Lesotho. Hata hivyo mtaa wake mmoja mashuhuri, Braamfontein, unabeba jina la maji. Katika lugha ya Makaburu "fontein" ni chemchemi, na "braam" ni mmea wa miiba wenye tunda mfano wa forosadi. Lilikuwa jina la shamba kabla ya kuwa jina la mtaa. Shamba limekwisha zamani, limekatwa viwanja, chemchemi hazionekani, jina limebaki.

Maji yenyewe nayo yamebaki, ila yanapita chini. Kijito cha Braamfontein, ambacho wenyeji hukiita "spruit", ndicho kirefu kuliko vijito vyote vya mji huo. Huanzia kwenye miteremko ya kilima kilichobeba Hillbrow, Braamfontein na Parktown. Mwanzo wake umefichwa ndani ya makalvati, chini ya barabara na majumba. Kisha hujitokeza, hupita kwenye vitongoji vya kaskazini kama Parkhurst na Craighall, hupita pembeni mwa bustani kubwa ya Delta Park, na mwisho huingia mto Jukskei. Jukskei huingia mto Crocodile, Crocodile huungana na mwenzake kuizaa Limpopo, na Limpopo humwaga maji yake katika Bahari ya Hindi kwenye pwani ya Msumbiji. Kile kilima ni mgawanyo wa bahari mbili. Tone la mvua linaloanguka upande wa kusini huenda Vaal, kisha mto Orange, kisha Atlantiki. Linaloanguka upande wa kaskazini linakuja kwetu.

Tunasema kwetu bila ya kutia chumvi. Bonde la Limpopo si geni katika tarehe ya mwambao. Mapungubwe, mji wa kifalme uliostawi katika karne ya 13 karibu na pale Limpopo inapokutana na Shashe, ulipokea shanga za kioo zilizovuka Bahari ya Hindi, na dhahabu na pembe za bara zikateremka kwenda pwani kwa njia hizo hizo za kubadilishana mali. Msomaji anayeuliza kijito cha Johannesburg kinaingiaje katika jarida hili, basi jawabu la kwanza ni hilo. La pili liko kwa madobi, na tutalifikia.

Kwa miaka mingi sasa wakaazi wa Johannesburg wamekuwa wakizungumza juu ya kukirudisha kijito hiki katika hali yake ya asili. Wapo wanaojitolea kuokota taka na kung'oa mimea ya kigeni, wapo wahandisi wenye ramani, wapo waendesha baiskeli wanaotaka njia safi kando ya maji. Maradhi ya kijito yanajulikana. Mji umefunikwa kwa lami, saruji na mabati, na mvua za kiangazi cha huko hunyesha kwa ngurumo na kwa ghafla. Maji ambayo zamani yangezama taratibu katika nyasi na vinamasi, sasa hukimbia kwenye mifereji na kufika kijitoni yote kwa pamoja, yakachimba kingo mpaka kijito kikawa handaki lililotengana na uwanda wake. Mvua ikikatika, kinachobaki ni maji kidogo yenye harufu, kwa sababu mabomba ya maji machafu yamechakaa, na mengi yamelazwa mabondeni, kandokando ya vijito, ili yateremke bila ya pampu. Kila bomba linapopasuka, kijito ndicho kinachopokea. Chini zaidi, katika bwawa la Hartbeespoort lililojengwa kwenye mto Crocodile miaka ya 1920, mbolea hii ya mji hulisha mwani na magugu maji, yale yale yaliyowasumbua wavuvi wa Ziwa Viktoria tangu mwisho wa miaka ya 1980.

Wala si harufu peke yake. Tarehe 3 Disemba 2022, waumini wa kanisa moja walikuwa wamesimama ndani ya Jukskei, upande wa mashariki wa mji karibu na Alexandra, katika ibada ya ubatizo, mafuriko ya ghafla yakawachukua. Waliokufa hawakupungua 14. Watu wale hawakwenda mtoni kwa kupotea njia. Makanisa mengi ya Waafrika katika mji huo hufanya ibada zao katika maji yanayokwenda, na maji yanayokwenda ndiyo hayo. Anayezungumzia kijito kama bustani ya kupumzikia tu hajamaliza kuwahesabu wenye haja nacho.

Sasa tuliangalie hilo neno "asili", ambalo sisi tuliolisoma kwa Kiarabu tunalijua kuwa ni shina la mti na msingi wa hoja. Kijito kirudishwe katika asili gani? Mtu akitembea leo kando ya maji hayo, chini ya kivuli cha mierebi na mikaratusi mirefu, atadhani ameuona msitu wa zamani. Sivyo. Uwanda wa juu wa Witwatersrand ulikuwa nchi ya nyasi, na miti ilikuwa michache, mingi yake mabondeni na kwenye majabali. Miti ya Johannesburg imepandwa na watu. Sehemu ya lile shamba la Braamfontein ilinunuliwa na kampuni ya H. Eckstein, ikapandwa mamilioni ya miti, mingi yake mikaratusi, kwa ajili ya magogo ya kushikilia paa za migodi. Msitu huo wakauita Sachsenwald, na mtaa wa Saxonwold umerithi jina. Mkaratusi ni mnywaji mkubwa wa maji. Kwa hiyo anayetaka asili ya kweli itambidi akate miti na kuotesha nyasi na matete, na hapo ndipo atakapogombana na majirani wanaopenda kivuli.

Delta Park nayo ina khabari yake. Jengo lake kuu, zuri kwa mtindo wa miaka ya 1930, lilijengwa mwaka 1934 kuwa kiwanda cha kusafishia maji machafu ya mji, na likafanya kazi hiyo hadi mwaka 1963. Baadaye ndipo mahali pale palipogeuzwa hifadhi ya ndege na kituo cha kuwafundishia watoto mambo ya mazingira. Sehemu ambayo wengi wa mji huo huitaja wakitaka mfano wa maumbile yasiyoguswa ni sehemu iliyoguswa kuliko nyingi.

Na maji yenyewe? Tangu mwaka 1998 Johannesburg hupata sehemu ya maji yake kutoka mabwawa ya Lesotho. Kwa maumbile yangeteremka na mto Orange kwenda Atlantiki. Yanavutwa kwa mahandaki na pampu, yanavushwa ule mgawanyo wa kilima, yanatumiwa majikoni na vyooni, kisha yanayomwagika na yanayovuja upande wa kaskazini yanashika njia ya Limpopo. Tone la Lesotho limebadilishwa bahari.

Turudi kwa madobi, kwani hapa ndipo tarehe ya kijito ilipo nono, na ndipo inapoelekea kusahauliwa.

Mji wa migodi ulikuwa na makumi ya maelfu ya wanaume wasio na wake pamoja nao, vumbi jingi, na maji kidogo. Nguo zao zilifuliwa na nani? Mwanahistoria Charles van Onselen, katika utafiti wake wa tarehe ya Witwatersrand uliochapishwa mwaka 1982, aliwatoa gizani watu walioitwa amaWasha. (Msomaji wa Kiswahili asidhani ni wenye kuwasha taa; ni neno la Kiingereza la kufua lililovishwa kiambishi cha Kizulu.) Walikuwa wanaume wa Kizulu kutoka Natal. Kuanzia mwaka 1890 hivi walikwenda nyumba kwa nyumba wakikusanya nguo, wakazipeleka kijitoni, wakafua, wakaanika nyasini, wakarejesha. Kituo chao cha awali kilikuwa kwenye kijito hiki hiki cha Braamfontein, mahali palipoitwa Sans Souci. Katika miaka ya katikati ya 1890, walipofikia kilele chao, walikuwa zaidi ya elfu moja, wametawanyika kwenye vituo kadhaa kuuzunguka mji, kila kituo na viongozi wake, wakilipa leseni kwa Bodi ya Afya ya mji.

Ufundi huu waliutoa wapi? Katika mila za Wazulu kufua nguo za watu kwa malipo haikuwa kazi ya wanaume. Van Onselen anaeleza kwamba waliuona Natal, kwa Wahindi waliokuja huko kuanzia mwaka 1860, wakiwemo watu wa tabaka la madobi waliofua mitoni karibu na Durban. Walichukua kazi, wakachukua na umoja wa wenye kazi, na wakachukua kilemba: mdobi wa Kizulu wa Johannesburg alifunga kilemba kichwani kwa kuwafuata Wahindi hao. Kwa sisi jambo hili halihitaji kuelezwa sana. Neno "dobi" tunalo katika Kiswahili kwa njia hiyo hiyo ya bahari, na mtu mzima yeyote wa Unguja, Mombasa au Dar es Salaam anajua kuwa dobi si mtu wa kufua tu. Ni mtu mwenye alama yake ya wino kwenye ukosi wa kanzu yako, asiyekosea yako na ya jirani. Ufundi mmoja wa Bara Hindi ulipanda mwambao kwa jahazi na ukapanda Witwatersrand kwa miguu ya Wazulu, na pote ulitafuta kitu kimoja, yaani maji yanayokwenda yaliyo karibu na wenye nguo.

Huo ukaribu ndio uliowaponza. Ukame ulipokuja na vijito vikapungua, watawala wa mji waliwatazama madobi kama wachafuzi wa maji. Mwisho wa mwaka 1896 waliamrishwa kuhamia Witbank, shamba lililo kwenye mto Klip, mbali kusini ya mji, mahali ambapo dobi alihitaji safari ndefu ya kuja kuchukua mzigo na safari nyingine ya kuurudisha. Mwaka uliofuata wakarejea, lakini pengo lilikwisha kuingia: viwanda vya kufulia kwa mvuke vilikuwa vimefunguliwa, vyenye mitaji ya Wazungu, vikitumia maji ya mabonde hayo hayo. Baada ya vita vya 1899–1902 baraza jipya la mji liliwahamisha tena, mwaka 1906, hadi Klipspruit, kusini-magharibi, katika ardhi ambayo baadaye ikawa sehemu ya Soweto. Kufikia mwaka 1914 chama chao kilikuwa kimedhoofika kiasi cha kutotajwa tena.

Ukiitazama kwa jicho la mwanahistoria, kumwondoa dobi kijitoni ilikuwa hatua ya mwanzo ya kukizika kijito. Maadamu kuna watu elfu moja wanaokula kwa maji fulani, maji hayo yana wenyewe, na mhandisi hawezi kuyafungia ndani ya kalvati bila ya kulumbana na mtu. Walipoondoka, kijito kilibaki kuwa mfereji. Halafu sheria za ubaguzi zikamalizia kazi, kwa sababu vitongoji vya kaskazini vinavyopitiwa na kijito vilitengwa kwa Wazungu, na Mwafrika alionekana pale kama mtunza bustani wala si mtu mwenye tarehe na mahali hapo. Kiwanda kimoja cha zile enzi, Rand Steam Laundries cha mtaa wa Richmond, kilichokuwa katika bonde walilofulia amaWasha, kilisimama zaidi ya karne moja. Kilibomolewa mwaka 2008 bila ya kibali cha mamlaka za urithi, na wapenzi wa tarehe wa mji huo wakalipigania suala hilo kwa miaka. Tuna maoni yetu: kilichopotea pale kilikuwa zaidi ya matofali. Ulikuwa ushahidi wa mwisho wa kuonekana kwa macho kwamba kijito kile kiliwahi kuwa mahali pa kazi.

Ndiyo maana tunasita tunaposikia kwamba kijito kitarudishwa "kama kilivyokuwa kabla ya mtu". Kwa upande wa maji, mpango wenyewe ni mzuri na tunauunga mkono: kuyachelewesha maji ya mvua huko juu kabla hayajafika bondeni, kufufua vinamasi, kulaza kingo, kutia mawe ndani ya wavu wa waya pale panapomomonyoka, kutengeneza mabomba ya maji machafu kabla ya jambo jingine lolote. Lakini asili isiyo na dobi ndani yake ni ya kutunga.

Waislamu waliotutangulia walilijadili jambo hili kwa lugha ya sheria. Katika fiqhi kila kisima, chemchemi na mto una harimu yake, ukanda wa ardhi pembezoni usioruhusiwa kujengwa wala kuchimbwa na mtu kwa manufaa yake peke yake. Wanazuoni wamekhitalifiana katika vipimo, si katika msingi. Ndugu zetu waliokulia Oman wameiona harimu kwa macho katika mafalaji, ambayo matano kati yake yaliingizwa katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2006. Ukitazama vizuri, harimu haikuwekwa kwa ajili ya kuyaacha maji peke yake. Iliwekwa ili wanaoyatumia wayafikie, wayasafishe na wagawane. Maji na watu wake vimehifadhiwa pamoja.

Mfano ulio karibu na fikra hiyo katika zama zetu ni Wadi Hanifa ya Riyadh. Bonde hilo la kilomita 120 lilikuwa jaa la mji na njia ya maji machafu. Mamlaka ya maendeleo ya Riyadh ililisafisha, ikajenga vizuizi vya mawe na mabwawa madogo ambamo hewa, mwani na samaki huyasafisha maji bila ya kemikali, ikarudisha mitende na mashamba, na familia zikarudi kupiga mahema yao ya mapumziko. Mwaka 2010 kazi hiyo ilipata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu Majengo. Wengine husifu zaidi Cheonggyecheon ya Seoul, iliyofunuliwa kati ya 2003 na 2005 kwa kuvunja barabara ya juu iliyoifunika. Inapendeza, lakini maji yake mengi hupigwa pampu kutoka mto Han, na sisi tunaiona kuwa chemchemi ya mapambo yenye urefu wa karibu kilomita sita.

Hatuwezi kuyasema haya ya watu bila ya kuligusa letu. Kizazi cha wazee wetu kililijua hori lililoutenga Mji Mkongwe wa Unguja na Ng'ambo. (Hori, jirani wa khaur ya Kiarabu, ni mkono wa bahari unaoingia nchi kavu, Mwingereza huliita kwa neno lile lile analoliita kijito, na kwa hiyo hata ramani huchanganya.) Maji yakijaa, mji ulikaribia kuwa kisiwa. Yakitoka, lilibaki tope na takataka, na tusijidanganye kwa mapenzi ya zamani: wengi waliokaa kando yake walitaka lifukiwe. Daktari James Christie, aliyeandika mwaka 1876 juu ya kipindupindu Afrika ya Mashariki, aliueleza uchafu wa mji kwa kirefu. Hori lilifukiwa kipande baada ya kipande katika nusu ya kwanza ya karne ya 20, na kufikia mwisho wa miaka ya 1950 kazi ilikuwa imekwisha. Barabara iliyopita juu yake iliitwa Creek Road, leo Benjamin Mkapa. Darajani hakuna tena daraja. Kisiwandui hakuna kisiwa. Funguni hakuna fungu. Na bahari kuu inapojaa sana, maji ya chumvi hutokea Mnazi Mmoja, kwenye viwanja vilivyokuwa vyake.

Hapana anayependekeza kwa dhati kulifukua hori la Darajani. Soko, vituo vya gari na maisha ya maelfu viko juu yake. Lakini njia za maji ya mvua za Unguja zinajengwa upya, na kila mhandisi atakayechimba pale atakutana nalo. Atahitaji kujua lilipita wapi hasa, kina chake kilikuwa kipi, na maji yalifika mpaka ukuta wa nani. Johannesburg walipotaka kuwajua amaWasha walirudi kwenye daftari za leseni za bodi ya mji. Sisi daftari zetu zimetawanyika pamoja nasi: hati za nyumba na za wakfu zinazotaja mpaka wa "baharini" upande ambao leo ni barabara, barua, na picha zilizomo kwenye masanduku Maskati, Dubai, London na Toronto. Aliye nayo mojawapo aandike nyuma yake mwaka, saa kama anaikumbuka, na mahali alipokuwa amesimama mpiga picha. Zenye daraja na mashua ndizo zinazopendwa na kila mtu. Inayotufaa zaidi ni ile isiyopendwa, yenye ukuta wa nyumba ambayo bado imesimama na mstari wa maji ya bamvua ukionekana juu ya chokaa.